Buibui wa Sokotra na Kifurushi cha Msafiri

[Mhadhara huu ulitolewa baada ya Tarawehe katika ukumbi wa jumuiya yetu, wilaya ya Baiyun, Guangzhou, Ramadhani 1447. Umenakiliwa kutoka kwenye sauti. Maneno yaliyorudiwa yameondolewa na salamu ndefu zimefupishwa.]



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, pamoja na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu, na mama zetu na dada zetu mlio upande wa pili wa pazia, usiku huu nilikusudia kuzungumza juu ya zaka ya bidhaa zilizolala ghalani, maana wengi wetu tuna mali iliyokwama ikisubiri kontena. Jambo hilo nimeliahirisha hadi kesho kutwa, inshallah. Sababu ni swali nililoulizwa na kijana wetu mmoja, ambaye jina lake nitalisitiri, naye ameniruhusu nilisimulie swali lenyewe.

Kijana huyo alinijia juzi baada ya Alasiri, simu mkononi. Alikuwa ameandikiwa na mtu asiyemjua, akiombwa kwamba katika safari yake ya biashara ya mwezi ujao kule Ghuba, ampokelee mtu kifurushi kidogo, ukubwa wa pakiti ya tende, aje nacho hapa ndani ya sanduku lake la nguo. Ndani ya kifurushi mna vimrija vya plastiki, na katika kila kimrija mna buibui mdogo aliyefungiwa kwa pamba. Ujira aliotajiwa ungemlipia kodi ya chumba kwa miezi miwili. Akaniuliza: “Sheikh, buibui si nguruwe, si pombe, wala si dawa za kulevya. Hana mwenyewe. Pana ubaya gani?”

Nakiri kwamba kwanza nilicheka. Kwetu pwani neno buibui likitajwa, mawazo huenda kwenye vazi la mama zetu kabla ya kufika kwa mdudu. Kisha akanionyesha picha, na kicheko kikaisha. Alikuwa buibui mkubwa, mwenye manyoya, kiwiliwili chake cha rangi ya malai, na miguu yake buluu, buluu ya bahari mtu anapotoka Malindi kuelekea kilindini. Chini ya picha pameandikwa jina la kisiwa: Sokotra.

Nikamwambia: nipe siku tatu. Nimesoma, nimeuliza wenye elimu ya viumbe, na haya ndiyo niliyoyapata.

Sokotra, ndugu zangu, si kisiwa cha mbali katika historia yetu. Wazee wetu waliokwenda na majahazi baina ya Lamu, Unguja, Maskati na Hadhramauti walikijua kwa macho. Kimekaa katika mlango wa Ghuba ya Aden, mali ya Yemen, lakini kiko karibu zaidi na pembe ya Somalia kuliko bara Arabu. Urefu wake ni kama kilomita 130, na kina visiwa vidogo vitatu pembeni yake: Abd al Kuri, Samha na Darsa. Kusi inapovuma kwa nguvu, kuanzia Juni hadi Septemba, bahari yake huchafuka kiasi kwamba chombo cha tanga hakithubutu kukikaribia. Kwa hiyo kila mwaka, kwa karne nyingi, watu wa kisiwa hicho walikuwa wakifungiwa na upepo kwa miezi kadhaa. Wana lugha yao, Kisokotri, ambayo ni ndugu wa mbali wa Kiarabu, na katika pwani yake wako watu wenye asili ya Afrika kama sisi.

Kama hamkijui kisiwa, basi mnaijua bidhaa yake. Tunaposema jambo ni chungu kama shubiri, tunataja utomvu ambao kwa karne nyingi shubiri ya Sokotra ndiyo iliyosifiwa zaidi katika masoko. Na wale walionunua kwa attari ule utomvu mwekundu uitwao kwa Kiarabu damu ya ndugu wawili wamelishika zao la mti wa kisiwa hicho, mti wenye umbo la mwavuli uliogeuzwa na upepo. Mwaka 2008 UNESCO ilikiandikisha kisiwa katika Urithi wa Dunia. Sababu yake ni hesabu inayostaajabisha: katika aina 825 za mimea yake, asilimia 37 hazipatikani popote pengine duniani. Kwa wanyama watambaao kiwango ni asilimia 90, na kwa konokono wa nchi kavu ni asilimia 95.

Miongoni mwa viumbe hao ndimo alimo buibui wetu. Jina lake la kitaalamu ni Monocentropus balfouri. Alielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya sayansi mwaka 1897 na Pocock, mtaalamu Mwingereza aliyekuwa akichambua buibui wakubwa wa Afrika waliohifadhiwa katika makumbusho ya London. Nusu ya pili ya jina inamkumbuka Balfour, mtaalamu wa mimea kutoka Uskochi, aliyeongoza msafara wa uchunguzi Sokotra mwaka 1880. Bila shaka wachungaji wa mbuzi wa kisiwa walimjua buibui huyo karne nyingi kabla ya bwana Balfour kushuka pwani, lakini ndivyo majina yanavyogawiwa.

Sasa, amefikaje huko? Hapa pana jambo la kutafakari. Buibui wadogo wa jamii nyingine wana usafiri wa ajabu. Mtoto hupanda juu ya jani, hutoa uzi, upepo ukauchukua uzi na yeye akiwa ameuning’inia, akaweza kuvuka hata bahari. Ndiyo maana kisiwa kipya kikizuka baharini kwa volkano, buibui huwa miongoni mwa wakazi wa mwanzo. Lakini hawa wakubwa wenye manyoya kwa kawaida hawapeperuki. Watoto wao hutembea kwa miguu, na hawaendi mbali na shimo la mama yao. Basi buibui wa namna hii ukimkuta kisiwani, uulize pia habari ya kisiwa, si ya buibui peke yake. Sokotra haikuzuka baharini. Ni kipande cha nchi kavu kilichokuwa kimeungana na Arabuni, kikabanduka Ghuba ya Aden ilipofunguka, mamilioni ya miaka iliyopita. Buibui huyu ana ndugu wawili tu katika ukoo wake wa karibu: mmoja yuko Yemen bara, mwingine yuko Bukini, ile Madagaska. Na ana binamu kwetu: yule buibui mkubwa wa rangi ya kutu anayechimba mashimo marefu katika mbuga za Kenya na Tanzania, ambaye wachungaji humwona baada ya mvua. Ardhi ilipogawanyika, kila mmoja alibaki na kipande chake.

Maisha yake ni ya chini ya mawe. Mchana hujificha katika nyufa na vishimo alivyovipamba kwa hariri, na usiku hukaa mlangoni. Ana macho manane, lakini usidhani anaona kukuzidi wewe. Anategemea miguu yake, inayohisi mtetemo wa mende apitaye juu ya nyuzi. Hana ule upupu ambao buibui wakubwa wa Amerika hujipangusa tumboni na kumrushia adui. Kwa hiyo akibanwa huinua miguu ya mbele, na ukiendelea kumbana, huuma, na kuuma kwake kunatia maumivu makali. Jike la buibui wa jamii hii huweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Dume akishapevuka, umri wake uliobaki ni mfupi. Kumbukeni hesabu hiyo, maana nitairudia: kisiwa kimoja, jike akuaye polepole, na dume asiyekaa.

Lakini kilichomfanya buibui huyu awe na bei si rangi peke yake. Buibui karibu wote wakubwa ni wapweke. Ukiwaweka wawili pamoja, asubuhi utamkuta mmoja, naye ameshiba. Huyu wa Sokotra hayuko hivyo. Mama huwavumilia watoto wake shimoni kwa muda mrefu, na waliowafuga wameshuhudia familia ikikaa katika tandabui moja, mama akiwinda na watoto wakila katika windo lile lile. Haya ni machache sana kwa viumbe wa jamii hii. Ndiyo maana watu wa Ulaya, Marekani, na siku hizi hapa China, wanapenda kumfuga: wanaweka kioo, wanaweka mchanga na mawe, wanatazama nyumba nzima ya buibui kama sisi tunavyotazama samaki.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa kuwa najua kuna mtu ameshaikumbuka sura ya 29, inayoitwa kwa jina la buibui, na aya yake ya 41, panapopigwa mfano wa wanaojifanyia walinzi badala ya Mwenyezi Mungu kuwa ni kama buibui na nyumba yake, iliyo dhaifu kuliko nyumba zote. Nimewasikia wahubiri wakisema kwamba udhaifu wa nyumba hiyo ni kuwa mke humla mume na watoto hulana, na kwamba sayansi imethibitisha hivyo. Nawasihi tusiende njia hiyo. Leo utasema buibui hulana, kesho atakuja mtu na huyu wa Sokotra anayelea watoto wake, utajibu nini? Mfano unajitosheleza: nyumba isiyozuia jua wala mvua wala mkono wa mtoto. Wafasiri wa zamani waliufahamu hivyo, na hawakuhitaji maabara. Hali kadhalika kisa cha buibui katika pango la Thawr, tulichosimuliwa chuoni tukiwa wadogo. Wanazuoni wa hadithi wamehitilafiana juu ya nguvu ya sanadi yake, basi tukisimulie kwa adabu hiyo.

Turudi kwenye kifurushi.

Wengi wa buibui hawa wanaouzwa leo wamezaliwa vizimbani, Ulaya na Marekani. Mwenye kufuga kwa njia hiyo, kwa vibali na bila kuchukua wa mwituni, mazungumzo yake ni mengine. Lakini vimrija katika sanduku la nguo havina cheti cha kuzaliwa. Na biashara ya namna hiyo si hadithi. Aprili 2019, forodha ya Manila, Ufilipino, ilikamata buibui wakubwa hai 757 waliokuwa wametumwa kutoka Poland, wamefichwa katika vifungashio vya biskuti na shayiri. Na jambo lililo karibu nasi zaidi ni la Kenya. Mwaka 2025 vijana wawili wa Kibelgiji walikutwa na sisimizi wapatao 5,000, wale wakubwa wavunao mbegu, katika vimrija zaidi ya 2,000 vilivyotiwa pamba. Pamoja nao walishtakiwa Mvietnam mmoja na Mkenya mmoja waliokuwa na sisimizi wao mbali. Tarehe 7 Mei mahakama iliyo katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni moja za Kenya, au kifungo cha miezi 12. Idara ya Wanyamapori ilisema soko lililokusudiwa ni Ulaya na Asia. Sisimizi, ndugu zangu! Waliozoea kusikia habari za pembe za ndovu walishangaa. Lakini mwindaji haramu wa leo hahitaji bunduki wala lori. Anahitaji pamba na mfuko wa koti.

Kwa buibui wa kisiwa kimoja, madhara ni makubwa kuliko kwa sisimizi wa bara. Jike mmoja akichukuliwa, kinachoondoka ni miaka mingi ya ukuaji na vizazi vyake vyote. Jiwe alilofunuliwa mara nyingi halirudishwi lilipokuwa, na shimo linabaki kwenye jua. Na kisiwa chenyewe kina mizigo mingine. Novemba 2015 vimbunga viwili, Chapala na Megh, vilikipiga ndani ya juma moja, na Mei 2018 kikaja cha tatu, Mekunu. Miti mikongwe ya utomvu mwekundu iling’olewa, na mbuzi hula miche kabla haijainuka.

Msidhani mkusanyaji ndiye adui pekee. Karibu na Madeira, katika bahari ya Ureno, kuna kisiwa kisichokaliwa na watu, Deserta Grande, na juu yake kuna bonde moja. Katika bonde hilo peke yake ndiko aishiko buibui mkubwa mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Kilichomtia hatarini ni nyasi ngeni iliyofunika mawe anayojifichia. Ilibidi mwaka 2016 wachukuliwe 25 wakazalishwe katika bustani ya wanyama ya Bristol, Uingereza, na mwaka uliofuata wakapatikana watoto zaidi ya elfu moja. Nyasi tu! Anayeishi bonde moja hana pa kuhamia.

Sasa nimjibu kijana wetu kwa upande wa fiqhi, kwa ufupi.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu tumeyakulia, miongoni mwa masharti ya kitu kinachouzwa ni kuwa na manufaa. Wadudu wasio na manufaa hawauziki. Nyuki huuzika kwa asali yake na mdudu wa hariri kwa hariri yake. Kijana wetu ni hodari, akanirudia: “Sheikh, mbona tausi huuzwa kwa rangi yake?” Amesema kweli, vitabu vya fiqhi vimemtaja tausi. Mtu anaweza kusema kwamba miguu ya buluu nayo ni rangi. Basi mlango huo siufungi kwa nguvu. Naufunga mwingine.

Kwanza, kifurushi chenyewe kimejengwa juu ya uongo. Utapita forodha ukiulizwa una nini, na utasema tende. Pili, sisi hapa tumeingia kwa viza, na viza ni ahadi: umeweka saini kwamba utafuata sheria za nchi. Sheria ya China ya usalama wa kibiolojia ilianza kutumika tarehe 15 Aprili 2021. Orodha ya forodha inakataza abiria kubeba, au mtu kutuma kwa posta, wanyama hai, wakiwemo wadudu na wengine wasio na uti wa mgongo. Waliovuliwa ni mbwa na paka, nao kwa masharti. Nchi inaogopa kiumbe mgeni atoroke, azaane, ale wenyeji, kama ile nyasi ya Deserta Grande. Woga huo una sababu.

Tatu, na hili ndilo lililonikosesha usingizi, mnaikumbuka habari iliyopokewa katika mkusanyo wa Abu Daud, ya masahaba waliochukua makinda mawili ya ndege mdogo safarini. Mama akaja anapiga mbawa juu yao. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyo uchungu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Sidai kwamba buibui huhuzunika kama ndege. Hilo si langu kulisema. Ila nilipousoma ule ukarimu wa buibui wa Sokotra kwa watoto wake, kisha nikatazama picha ya vimrija vilivyopangwa safu safu, kila mtoto na pamba yake, niliona ni vigumu kusema hapana kitu hapa.

Na kuna la nne, la kidunia. Kila mmoja wetu anajua sanduku la Mwafrika linavyotazamwa katika uwanja wa ndege wa Baiyun. Akikamatwa mmoja na buibui, mwenzake atafunguliwa pakiti ya ubuyu na kuchunguzwa punje kwa punje. Mama zetu wanaoleta dagaa watakuwa mashahidi wangu. [Kicheko.]

Kijana aliniambia leo jioni kwamba amemjibu yule mtu: hawezi. Akaongeza kwamba kodi ya mwezi ujao bado haijapatikana. Nimelitaja hilo kwa idhini yake, na mweka hazina wetu amekaa hapo mlangoni.

Swali kutoka upande wa kina mama:

“Sheikh, chumbani kwetu huku Sanyuanli kuna buibui mkubwa wa kahawia, bapa, anakaa ukutani nyuma ya kabati. Naye ni wa nadra? Maana mimi nilikuwa na ndala mkononi.”

Iweke chini ndala, dada yangu. Huyo simwiti wa nadra, ni kinyume chake. Kwa namna unavyomweleza, ni yule buibui wa majumbani ambaye ukirudi Tanga au Mombasa utamkuta ukutani kwa mama yako, kiumbe yule yule. Amesambaa katika nchi za joto duniani kote kwa kujificha katika shehena za meli, kwenye mikungu ya ndizi na magunia. Msafiri wa mizigo kama sisi. Hajengi tandabui la kunasia, hukimbiza mende usiku, na Guangzhou, nyote mnajua, mende hawaishi. Hamfuati mtu, ingawa akishikwa kwa mkono aweza kuuma. Ukishindwa kumvumilia, mfunike kwa bakuli, pitisha karatasi ngumu chini yake polepole asikatike miguu, kamtoe dirishani. Na kama amebeba kitu cheupe cha duara kifuani, hicho ni kifuko cha mayai, huyo ni jike. Mpe siku chache, atahama mwenyewe.